Nairobi Ni Mji wa Sahani Ndogo

Mtu anayekuja Nairobi kutafuta santuri huanza kwa kuulizia albamu. Anataka ile sahani kubwa ya sentimita 30, yenye jalada la picha na bendi nzima imesimama mbele ya gari. Zipo, na nyingine ni nzuri sana. Lakini kuanzia miaka ya 1960 hadi miaka ya 1980 muziki wa mji huu uliishi hasa kwenye sahani ndogo ya sentimita 18, inayozunguka mara 45 kwa dakika: wimbo mmoja uliokatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande ule. Nyimbo nyingi za namna hiyo hazikuwahi kuingia kwenye albamu yoyote, wala hutazikuta kwenye intaneti. Ukiwa na nusu siku mjini na pesa za sahani kumi, nunua ndogo tisa.

Pa kuanzia ni Kenyatta Market, kando ya Mbagathi Way, soko ambalo wengi wanalijua kwa nyama choma na kwa wasusi wanaokuita kabla hujafunga mlango wa gari. Ndani ya vichochoro vyake, kibanda namba 570, ndipo lilipo duka la Real Vinyl Guru. Ni pafinyu, na sahani ni nyingi kuliko nafasi, kwa hiyo nenda asubuhi, siku ya kazi, bila haraka. Ukifika Jumamosi mchana utasimama nyuma ya migongo ya watu watatu na utaondoka na kile walichokiacha. Kituo cha pili ni Melodica, Tom Mboya Street, duka lililoanza miaka ya 1970 na ambalo lilikuwa pia likitoa muziki kwa lebo zake. Hapo usiulizie tu kilichopangwa mbele. Ulizia sahani ndogo za akiba ya zamani, zile ambazo hazikuwahi kuuzwa wakati wake. Sahani ya miaka 40 ambayo haijawahi kuguswa na sindano ni kitu cha kupanda matatu kukifuata.

River Road, ambayo zamani ilikuwa na maduka ya santuri na watayarishaji mlango kwa mlango, leo haina mengi kwa mtafutaji. Joseph Kamaru alikuwa na duka lake huko, City Sounds, kama walivyokuwa nayo wanamuziki na watayarishaji wengine: unarekodi, unapeleka kiwandani, unarudishiwa maboksi, unauza mwenyewe dirishani. Kaseti za bandia ndizo zilizoua mpango huo. Sahani ilihitaji kiwanda, lakini kaseti ilihitaji dekki mbili na mtu mmoja nyuma ya duka. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni kubwa zilikuwa zinafunga, na sahani zilizobaki zikatawanyika majumbani, kwenye baa, kwenye stoo za maduka. Ndiyo maana duka la santuri la Nairobi hujaza rafu zake kwa kununua kutoka kwa familia, na ndiyo maana kilichopo wiki hii hakifanani na kilichokuwepo mwezi uliopita. Swali la maana kumuuliza muuzaji, baada ya salamu, ni nini kimeingia karibuni ambacho bado hakijapangwa.

Jinsi ya kuuliza ina uzito wake. Ukisema "Mzee, una muziki wa zamani wa Kiafrika?" utaonyeshwa albamu za Kongo zilizo mbele ya kila mtu. Uliza kwa lugha na kwa kipindi: Kiluo cha kabla ya 1980, Kikuyu cha gitaa kavu (lisilo la umeme), Kiswahili cha bendi za Tanzania, taarabu ya Mombasa. Lugha ndiyo njia ambayo biashara hii ilijipanga tangu mwanzo, kwa sababu sahani iliuzwa kwa watu wanaoijua lugha hiyo. Lebo nyingi zimeandika lugha na mtindo chini ya jina la wimbo. Mnunuzi wa wakati ule alihitaji kujua mambo mawili tu: anaimba kwa lugha gani, na inachezwa vipi.

Basi jifunze kusoma lebo, maana sahani ndogo kwa kawaida haina jalada la kukusaidia. Hukaa kwenye mfuko wa karatasi wa kampuni au mfuko mtupu, na mara nyingi mfuko huo si wake. Juu ya lebo utaona jina la wimbo, mtunzi, bendi na namba ya toleo. Mwaka mara nyingi haumo. Lebo ya Equator ni ya studio ya Nairobi iliyovuma miaka ya 1960. Polydor na Philips za hapa ni matoleo ya tawi la Nairobi la kampuni za Ulaya, na humo wamo Watanzania wengi, akiwemo Mbaraka Mwinshehe. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, hivyo muziki uliorekodiwa Dar es Salaam ulibaki kwenye kanda za redio, au ulivuka mpaka kuja kuwa sahani huku. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977 njia hiyo ikawa ngumu. Mzuri ni lebo ya Assanand wa Mombasa, na ukiiona usiipite bila kuigeuza, kwa sababu taarabu ya pwani iko humo kwa wingi. Sungura ilikuwa lebo ya mtayarishaji Oluoch Kanindo. Sahani zake za benga zilifika hadi Zimbabwe, na huko neno "sungura" likawa jina la muziki wenyewe.

Baada ya lebo tazama eneo tupu kati yake na mfereji wa mwisho. Kuna namba iliyokwaruzwa au kugongwa hapo, moja kila upande. Hiyo ndiyo namba ya bamba lililochapia sahani, na ni ya kuaminika kuliko karatasi, kwa sababu lebo huweza kubandikwa kinyume. Sahani ikisema sehemu ya kwanza na wewe unasikia gitaa tupu likikimbia bila mwimbaji, huenda unasikiliza sehemu ya pili.

Hilo la sehemu mbili lina matokeo yake ukinunua iliyotumika. Sehemu ya kwanza kwa kawaida ndiyo ya mashairi: mwimbaji anaeleza habari yake, anataja majina. Sehemu ya pili ndiyo ya gitaa na miguu. Kwa hiyo upande wa pili ndio uliochezwa zaidi kwenye baa na sherehe, na ndio uliochakaa. Wanunuzi wengi hukagua upande wa kwanza tu, wakaridhika, wakafika nyumbani wakakuta sebene limesagika. Kagua wa pili kwanza.

Kukagua kunataka mwanga mmoja mkali kutoka pembeni. Taa ya simu inatosha. Shika sahani kwa kingo, ilaze usawa wa jicho, uizungushe polepole. Kwanza tafuta mng'ao. Sahani nzima hung'aa nyeusi. Mifereji iliyosagwa huonekana ya kijivu, kama mkaa uliopulizwa majivu, na rangi hiyo haitoki kwa kuosha, kwa sababu si uchafu: kuta za mfereji zimelika. Mashine za zamani za majumbani zilikuwa na vichwa vizito vinavyokandamiza kwa gramu tano au zaidi, na sindano ilipochakaa watu waliongeza sarafu juu ya mkono ili isiruke. Kila mzunguko ulikuwa unachonga. Sahani ya kijivu itatoa sauti ya kukwaruza inayopanda na kushuka pamoja na sauti ya mwimbaji. Ikiwa ni wimbo usioupata kwingine, nunua kwa bei ya chini ukijua unachonunua. Kama si hivyo, iache.

Mkwaruzo una kipimo rahisi. Pitisha ukucha juu yake kwa wepesi. Usipousikia, huenda hautasikika hata kwenye spika. Ukiusikia, utapata mlio mmoja kila mzunguko: kila sekunde 1.33 kwenye sahani ya 45, kila sekunde 1.8 kwenye albamu ya 33⅓. Mkwaruzo unaokatisha mifereji moja kwa moja hutoa "tik" na kuendelea. Unaofuata mwelekeo wa mifereji ndio hatari, kwa sababu huipeleka sindano mfereji wa jirani, na wimbo hukwama au kuruka. Huo hata ukiwa mfupi, omba usikilizishwe.

Na kusikilizishwa ni haki yako. Duka la santuri lisilo na mashine ya kuchezea linakuuzia plastiki. Lakini usiombe kuchezewa wimbo mzima wa sahani ishirini. Sekunde kumi mwanzoni na sekunde kumi karibu na lebo zinatosha. Karibu na lebo ndipo mfereji unapobanwa, mzunguko ni mfupi, na uchakavu husikika kwanza kwenye herufi "s" na kwenye shaba za tarumbeta. Hapo pakiwa safi, kwingine kwa kawaida ni salama.

Kuna kasoro moja ya sahani ndogo ambayo watu hudhani ni mashine mbovu: sauti inayoyumba, inapanda na kushuka kama mtu anaimba akiwa kwenye mashua. Tazama mkono wa pleya wakati inacheza. Ukiona unaenda kushoto na kulia kila mzunguko, tundu la katikati halikuchongwa katikati. Hii hutibika. Panua tundu kidogo sana kwa kijiti kilichozungushiwa msasa laini, upande mmoja tu, kisha isogeze sahani kwa kidole juu ya kitako cha pleya hadi mkono utulie. Ukipanua sana sahani italegea na utakuwa umebadilisha tatizo moja kwa lingine. Zile zenye tundu kubwa, ambalo lilifaa mashine za sarafu za baa, zinataka kipande cha kati cha plastiki. Kinunue mapema, kwa sababu pleya nyingi zilizotumika zimeshakipoteza.

Uchafu ni habari tofauti, na ndio unaowaogopesha watu bila sababu. Sahani ya Nairobi mara nyingi ina vumbi jekundu lililoshikana na mafuta ya vidole, na ikiwa ilikaa mahali penye unyevu, madoa meupe ya ukungu. Muuzaji akiona umeiangalia ukakunja uso, bei hushuka. Wewe nunua, kisha osha.

Kwa nusu lita ya dawa ya kuoshea, chukua vipimo vinne vya maji yaliyotoneshwa na kipimo kimoja cha alkoholi ya isopropili, halafu matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato wala rangi. Maji yaliyotoneshwa huuzwa vituo vya mafuta kwa ajili ya betri za magari. Soma chupa vizuri, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyohiyo. Usitumie maji ya kisima: visima vingi vya Nairobi vina madini, na yakikauka ndani ya mfereji unakuwa umeongeza mikwaruzo yako mwenyewe. Wala usitumie spiriti ya kusafishia vidonda badala ya isopropili, kwa sababu ina mafuta yanayobaki. Laza sahani juu ya taulo safi, funika lebo kwa kifuniko cha plastiki, lowanisha, subiri dakika moja, kisha pitisha brashi laini kwa kufuata mifereji, kamwe si kuikata. Suuza kwa maji yaliyotoneshwa matupu. Watu wengi huruka hatua hii ya kusuuza, kisha wanalalamika kwamba sindano inakusanya utando. Kausha ikiwa imesimama, kivulini.

Kwa ukungu uliozama kuna njia ya gundi nyeupe ya mbao, na inafanya kazi. Paka tabaka nene juu ya mifereji yote bila kugusa lebo, acha usiku mzima au zaidi mpaka ibadilike kuwa kama ngozi angavu, kisha ibandue kuanzia ukingoni. Inatoka kipande kimoja na kung'oa kila kitu. Kinachoharibu ni haraka: ukiibandua ikiwa na mabaka meupe, au ulipaka nyembamba, itakatika na vipande vitabaki kwenye mifereji. Hapo paka tena juu yake, subiri, ubandue tena.

Hayo yote ni ya sahani za plastiki. Sahani za mizunguko 78, nzito, za sentimita 25, ni kitu kingine kabisa. Nyingi zimetengenezwa kwa sheleki, utomvu unaotolewa na mdudu, na alkoholi huiyeyusha. Sahani ya 78 ioshe kwa maji na tone la sabuni tu, ikaushwe mara moja, na gundi isiikaribie. Hizi ndizo zilizobeba sauti za kwanza za Kiswahili kibiashara: Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya HMV, na sahani zake zikarudi kuuzwa pwani hii yote. Ukizikuta, ujue zinavunjika kama kikombe cha udongo. Zibebe zikiwa zimesimama, na kadibodi ngumu kati ya moja na nyingine. Na usizicheze kwa sindano ya albamu. Mfereji wao ni mpana. Sindano ya kawaida ina ncha ya maikroni 18 hivi na itaburuzika chini kabisa kwenye uchafu. Ya 78 ni ya maikroni 75 hivi.

Kuhusu mashine, epuka sanduku jipya la rangi za kupendeza lenye spika ndani. Kichwa chake ni kizito na sindano yake ni hafifu, yaani ni ileile sarafu juu ya mkono kwa umbo jipya. Pleya iliyotumika yenye uzani wa kurekebishika nyuma ya mkono ni bora mara nyingi. Kwa kichwa, Audio-Technica AT-VM95E ni chaguo la busara kwa mtu wa sahani za Afrika Mashariki: hukandamiza kwa gramu 2, na mwili uleule hupokea sindano ya 78 inayoitwa VMN95SP. Unachomoa moja, unachomeka nyingine, unaongeza uzani hadi gramu 5, basi. Nunua mizani ndogo ya kidijitali ya kupimia gramu. Namba zilizochorwa kwenye mkono wa pleya ya zamani zisikuongoze peke yake.

Swali la umeme limewagharimu wengi. Pleya iliyotoka Marekani inataka volti 120 na hertz 60, na sisi tuna volti 240 na hertz 50. Transfoma hubadili volti, haibadili hertz. Kama mota yake inafuata hertz za umeme, itazunguka kwa 27.8 badala ya 33⅓, na 45 itakuwa 37.5: mwimbaji anakuwa mzee ghafla na gitaa linalegea. Fundi anaweza kubadilisha puli kwa ya hertz 50, kama inapatikana. Pleya yenye mota ya umeme wa moja kwa moja (DC), au ile ambayo mota ndiyo mhimili wa sahani, kama Technics SL-1200, haina shida hiyo. Ukinunua yenye mkanda, fungua uone mkanda wenyewe. Mpira wa zamani hugeuka kuwa lami, na lazima uifute yote kwa isopropili kabla ya kuvalisha mpya, la sivyo mpya utateleza.

Na kama umeunganisha pleya kwenye amplifaya, ukasikia sauti nyembamba, ya mbali, isiyo na besi, hakuna kilichoharibika. Umeingiza waya kwenye tundu la kawaida badala ya tundu la fono, yaani lile la pleya ya santuri. Kama amplifaya yako haina tundu hilo, unahitaji kikuzaji kidogo cha fono katikati. Mngurumo wa chini usiokoma ni waya mwembamba wa ardhi ambao haujafungwa.

Kuhifadhi ni rahisi, ila watu hukosea. Simamisha sahani, usizilundike. Usiache sahani ndani ya gari lililoegeshwa juani hata kwa muda wa kula chakula cha mchana: plastiki hii huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi, na sahani iliyopinda kama sinia hairudi. Mfuko wa karatasi wa kampuni utunze kando, kwa sababu wadudu huula na kisha huhamia kwenye lebo, nawe uiweke sahani kwenye mfuko wa polithini. Mifuko ya PVC, ile laini yenye harufu, huacha ukungu wa kikemikali juu ya sahani.

Hatimaye utataka kuhamishia muziki kwenye kompyuta, na kwa sahani ambayo huenda zimebaki chache, fanya hivyo siku ileile uliyoiosha. Rekodi kwa biti 24, usipitishe programu ya kuondoa kelele kwenye nakala ya kwanza, na usiunganishe sehemu mbili kuwa wimbo mmoja. Upande wa kwanza mara nyingi hufifishwa bendi ikiwa inacheza, na wa pili huanza mahali pengine, wakati mwingine kwa mwendo tofauti kidogo. Ukizishona unatengeneza kitu ambacho hakikuwahi kuchezwa. Weka mafaili mawili, na kila moja ulipe jina la bendi, jina la wimbo, namba ya toleo, halafu ile namba iliyokwaruzwa karibu na kitovu, kama ilivyo, hata kama herufi zake huzielewi.